Ramani ya Watu

Muuliza la ajabu, lipo lililomsibu. Maneno hayo mwenzenu Editruda ameyaleta leo kutoka kazini kwake, kwenye duka la simu. Mama mmoja aliingia akauliza kama wanauza simu isiyopokea habari mbaya. Wasichana wa dukani wakacheka mpaka wakaishika meza, na mwenye duka akawanyamazisha kwa methali hiyo. Sasa mmenizunguka mnataka kujua imetoka wapi. Wengine watawaambia ni ya wahenga. Si ya wahenga. Ilianzia papa hapa Songea, mimi nikiwa tayari mtu mzima, na walioifanya iwepo niliwajua wote. Ilianza hivi.

Wakati ule baba zenu wakiwa bado shuleni, mjini palikuwa na duka moja tu la vitabu, la Mzee Luambano. Mzee mwenyewe alikuwa mgonjwa wa miguu, hakuonekana sana dukani. Aliyeuza ni kijana aliyeitwa Desderi Tawete. Desderi hakuwa mtu mbaya, na msianze kumchukia mapema. Alikuwa mcheshi, na alikuwa na kipaji cha kuigiza sauti na mwendo wa mtu. Kila jioni kabla ya kufunga duka, watu walisimama mlangoni wasikie wateja wa siku hiyo walivyoomba.

Na kweli waliomba mambo. Kuna bwana mmoja alitaka nusu ya kitabu, kwa kuwa nusu ya kwanza alikwisha kuisoma kwa jirani. Mwingine alitaka Biblia yenye maandishi makubwa sana, si kwa sababu ya macho yake, bali ili mkewe akiwa jikoni aone kwamba mume anasoma. Mama mmoja alirudisha kalenda ya mwaka uliopita akiomba abadilishiwe, maana ile ilikuwa na misiba mingi. Desderi aliwaigiza wote, watu wakacheka, naye akarudi nyumbani ameridhika. Hakujiuliza yule mama wa kalenda alikuwa amezika nani.

Sasa, jirani yangu pale Mshangano alikuwa mjane, Agatona Mapunda, tukimwita Mama Ditram. Ditram alikuwa mwanawe wa pekee. Habari za vito zilipovuma, vijana wengi walikimbilia Tunduru kuchimba, naye akaenda nao. Mwanzoni alituma salamu kwa madereva wa malori. Kisha salamu zikakatika. Mama yake aliuliza kila dereva, wakamwambia wachimbaji huhamahama, huenda hayuko tena Tunduru; aliuliza kanisani, aliuliza stendi, mpaka watu wakawa wakimwona wanabadili njia.

Siku moja tuliitwa kwenye mkutano wa sensa. Ofisa mmoja alitundika ramani ukutani, akawa anaonyesha kwa fimbo: hapa kuna watu wengi, hapa wachache, hapa wameongezeka. Mama Ditram, ambaye hakujua kusoma, aliitazama ile ramani muda wote wa mkutano. Kesho yake asubuhi akajifunga khanga yake nzuri, akaenda dukani kwa Mzee Luambano.

Yaliyotokea huko alinisimulia yeye, na baadaye Desderi naye akanisimulia, na hawakupishana.

Desderi alimwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Natafuta ramani."

"Zipo. Unataka ya mkoa, au ya nchi nzima?"

"Nataka ya watu."

"Ya watu?"

"Ndiyo. Hizi za milima na mito sizitaki. Ile inayoonyesha watu wako wapi."

Dukani walikuwemo wateja wengine, walimu na wanafunzi. Desderi akawakonyeza. Akaitandaza ramani ya nchi juu ya meza kwa heshima kubwa, kama padri anayetandika altare.

"Tunamtafuta nani, mama?"

"Mwanangu, Ditram."

"Mrefu au mfupi?"

"Mrefu. Ana kovu juu ya jicho la kushoto."

"Ahaa! Mwenye kovu!" Akainama, akafumba macho, akazungusha kidole hewani, kikatua. Akafumbua macho akasoma. "Huyu hapa! Yuko Mpanda."

Watu waliangua kicheko. Mama Ditram akawageukia akacheka nao, kwa sababu alidhani wanafurahi pamoja naye. Kisha akauliza polepole:

"Mzima?"

Desderi aliniambia kwamba hapo nusura anyamaze. Lakini kicheko cha watu kilikuwa bado kinamsukuma.

"Mzima kabisa, mama. Hata amenenepa."

Mama Ditram alikuja kwangu moja kwa moja akilitamka jina la Mpanda njia nzima lisimpotee. "Mama Kolumba, Ditram amepatikana! Yuko Mpanda!"

"Nani kakwambia?"

"Watu wa vitabu."

Nami ningesema nini? Sikujua Mpanda iko upande gani. Aliuza nguruwe wake jike pamoja na vitoto vya nguruwe huyo, akanikabidhi ufunguo, na mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele akapanda basi la Njombe. Huko angebadili kwenda Mbeya, kisha Sumbawanga, kisha mbele zaidi. Alifungasha shati jipya la mwanawe. Alilichagua pana, kwa kuwa ameambiwa amenenepa.

Mahindi yalikomaa, tukavuna. Siku moja tunapukuchua, lori likasimama barabarani likamshusha mtu. Nilimtambua kwa lile kovu, vinginevyo nisingemtambua. Alikuwa mifupa na kikohozi.

"Shikamoo, mama mdogo," akaniambia. "Mbona kwetu kumefungwa?"

"Mama yako amekwenda kukutafuta, baba."

"Wapi?"

"Mpanda."

Akanitazama kama mtu asiyesikia vizuri. "Mpanda? Mimi sijatoka Tunduru tangu nilipokwenda. Nani kamtuma Mpanda?"

Nilimfungulia nyumba, nikamlaza kitandani kwa mama yake. Hospitali walimpa dawa, lakini mapafu yalikuwa yameliwa na vumbi la mashimo. Mlango ukilia alinyanyua kichwa. Akiniona ni mimi, alikirudisha kwenye mto taratibu, na aliniomba radhi kwa kufanya hivyo. Tukaona tupeleke tangazo redioni: Agatona Mapunda, popote ulipo Mpanda, mwanao Ditram amerudi nyumbani Songea, ni mgonjwa, rudi upesi.

Desderi alikuwa na redio pale dukani. Tangazo lilisomwa wateja wakiwemo, na mmoja wao, aliyekuwepo siku ile ya ramani, akasema, "Desderi, si yule mama wako?" Safari hii hakuna aliyecheka. Desderi alifunga duka jua likiwa bado juu, akaulizia njia mpaka akafika kwetu. Akasimama mlangoni pa Ditram bila kuingia.

"Wewe nani?" Ditram akauliza.

"Ndimi niliyemwambia mama yako Mpanda."

"Uliniona huko?"

"Hapana."

Ditram alifumba macho. Kukohoa kulipompa nafasi akasema, "Basi nenda ukamlete."

Desderi alikwenda. Hata ruhusa kwa Mzee Luambano aliomba kwa kumtuma mtu.

Alipofika Mpanda alianza kuuliza sokoni: mmemwona mama mgeni, wa makamo, anamtafuta mwanawe? Muuza nyanya mmoja akapiga makofi akicheka. "Yule wa ramani? Anayetuuliza Ditram amehamia nyumba gani, kwamba kwenye ramani yumo? Huyo ni kichekesho chetu!" Akainuka akaigiza mwendo wake. Desderi, ambaye alikuwa bingwa wa kuigiza, aligeuza uso.

Alimkuta nje ya geti la hospitali, amekaa chini, miguu imevimba, shati limekunjwa mapajani. Alikuwa akiangalia kila anayetoka. Mama ndiye aliyetangulia kumtambua.

"Wewe si yule wa vitabu?" akasema, na uso ukamng'aa. "Afadhali umekuja. Nimetafuta kila mtaa, mwanangu. Wewe ulisema kweli, ila mimi labda nimetafuta vibaya."

Desderi alipiga magoti pale pale barabarani. "Mama, Ditram yuko nyumbani. Anaumwa. Twende."

Mvua hazikuwapo, barabara zilipitika, lakini basi liliharibika njiani wakalala kwenye kijiji wasichokijua. Mama hakulalamika. Alikuwa akimuuliza Desderi kama amemwona mwanawe kwa macho, na kama bado anapenda kulala ubavu. Walipokata kona ya kuingia kwetu, Desderi aliona watu wamekaa chini uani, wanaume wengi, na moto mkubwa. Akajua. Mama akasema, "Mbona watu wengi hivi? Wamekuja kumwona?"

Tulikuwa tumezika jana yake.

Mimi ndiye niliyemshika. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Aliniulizia?"

"Kila siku, mama."

Alipelekwa kaburini, akalitandika lile shati juu ya udongo, akalinyoosha mikono. Ndipo alipomgeukia Desderi, aliyekuwa amesimama nyuma ya watu.

"Mwanangu, mbona ulinipeleka Mpanda?"

Desderi aliona haya kusema, lakini akasema. "Nilidhani unachekesha, mama."

"Nichekeshe kwa nini? Mtu anatoka nyumbani kwake asubuhi, anakwenda kwa watu asiowajua, anaomba kitu ambacho hajui hata kama kipo. Ungeniuliza tu, mama, limekusibu nini? Ningekwambia Tunduru. Mlango wa pili kutoka dukani kwenu walikuwa wanauza tiketi za Tunduru."

Hakumlaani, wala siwezi kuwaambia kwamba alimsamehe. Aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, na Desderi alikuja kila msimu kumlimia shamba. Mama alimpa maji ya kunywa, hakumpa mazungumzo. Siku aliyofariki, Desderi alibeba jeneza upande wa mbele.

Dukani aliendelea kuuza mpaka Mzee Luambano alipofariki na duka kufungwa. Watu walimbembeleza awaigizie wateja, hakuigiza tena. Akija mtu na ombi la ajabu, alimvutia kiti, akamuuliza jambo moja tu, na mara nyingi mtu yule alilia kabla hajajibu. Vijana waliomsaidia kazi wakicheka, aliwaambia maneno aliyoyafupisha kutoka kinywani mwa Mama Ditram, nao wakayachukua kwenye maduka yao, mpaka yakamfikia bosi wa Editruda.

Kwa hiyo yule mama wa simu akirudi kesho, Editruda, usimuuzie kitu kwanza. Muuliza la ajabu, lipo lililomsibu.