Paka wa Nakijwa Aliyegeuka Mkali

Ilikuwa zamani, zamani ambayo nayo ilikuwa na zamani yake. Mpo, wajukuu zangu? Kama mpo, fumbeni macho. Oneni nyumba ndogo ya udongo juu mlimani, ukungu umefika hadi mlangoni. Ndani kuna mafiga matatu, na mwanamke mmoja anakula peke yake. Mmemwona? Huyo ndiye Nakijwa. Mume alikufa, mtoto hakujaliwa. Jua lilichomoza na kuzama bila mtu kumwita jina lake.

Basi siku moja akaokota paka mchanga njiani, akamwita Majivu, maana alipenda kulala kando ya mafiga. Wakala pamoja, wakalala pamoja. Nakijwa akajifunza tena kucheka.

Ikapita miezi mitatu, ikapita minne. Asubuhi moja akanyoosha mkono amsugue shingo kama kawaida. Kucha! Akanyoosha tena. Meno! Kesho yake kucha, keshokutwa meno. Ai, watoto, mmewahi kung'atwa na mnayempenda? Jeraha huwa dogo, lakini haliponi upesi.

"Nimekukosea nini, Majivu?"

Paka akajikunja pembeni, akanguruma. Siku ya tano Nakijwa akashika ufagio. Akampiga, akalia; akalia, akampiga.

Kisha akamwita jirani yake Namkunda, mama wa watoto saba, mwanamke asiyejua kunong'ona.

"Mchukue, dada, kamwache ng'ambo ya mto. Hata paka amenikataa."

"Ebo! Kipaka cha kiganja kimekushinda? Mimi ninao saba wanaong'ata, na wote wanakula ugali wangu!"

Namkunda akamrushia paka nguo, akamfunika, akampakata. Akapapasa shingo. Kicheko kikamkauka.

"Nakijwa, uzi huu ulimfunga lini?"

"Siku niliyomleta. Si ndivyo mnavyowafunga watoto wenu, wasipatwe na jicho baya?"

"Ndivyo. Na kila mwezi ukiandama tunaulegeza."

"Kwani uzi hulegezwa?"

Namkunda akatafuta kisu. Mambo ya uzi huambiwa mwanamke aliyejifungua, na Nakijwa hakuna aliyewahi kumketisha akamwambia. Paka alikua, uzi haukukua. Ulikuwa umezama nyamani, chini ya manyoya, na kila mkono wa mapenzi uliofika pale uligusa kidonda.

Wakaukata. Majivu akaruka, akatoka mbio. Kidonda kilipona, naam, lakini kilipona nyumbani kwa Namkunda. Nakijwa akienda huko, paka alipanda darini. Akimwita, paka alizidi kujificha.

"Mpe muda, dada," alisema Namkunda, safari hii kwa sauti ndogo.

Nakijwa akampa masika mawili. Kila jioni alimwekea maziwa kizingitini kwake, na kila asubuhi aliyamwaga yakiwa yameganda.

"Uzi ameshausahau," akasema mwishowe. "Asichosahau ni ufagio."

Akaurudisha mlango, akaketi, akala peke yake.

Kisa changu nimekitua, kama atuavyo mtu kuni mlangoni. Mwenye baridi na achukue ukuni. Mdogo wako atakukwaruza, rafiki atakufokea bila sababu unayoiona. Siku hiyo ikifika, wajukuu zangu, nawaomba mkumbuke jambo moja tu: anayekung'ata ghafla, kwanza mtazame anaumwa wapi.