Liwali na Jiwe la Njiani

Mnanichosha. Hata mchele sijamaliza kupepeta, "Bibi hadithi, Bibi hadithi," utadhani mdomo wangu bomba la maji. Haya, paukwa!

Pakawa! Jibuni kwa nguvu, si kama mliofiwa.

Hapo kale, huko mpakani kwa Wapashto, kulikuwa mlima, bonde, mlima, bonde. Kijiji cha Juu na kijiji cha Chini viligombea maji mpaka watu wakauana. Mzee Gulbaz akaitisha jirga, ndilo baraza lao: wote huketi chini, duara, hakuna wa mbele wala wa nyuma. Akaweka jiwe kubwa njiani. "Jiwe likiwapo, bunduki zilale." Miaka saba zikalala. Hata Palwasha, binti wa Juu, akaposwa Chini.

Asubuhi ya harusi akaja liwali mpya kutoka mjini. Hema lake bondeni linapepea, pa-pa-pa. Akaona jiwe. Kuuliza? Wapi! Akaagiza askari: libingirisheni, likandamize kamba za hema. Gudu, gudu, gudu! Akili hiyo ndiyo ilipewa mkoa.

Chini wakaona njia tupu. "Wa Juu wamevunja suluhu!"

Juu wakaona njia tupu. "Wa Chini wametugeuka!"

Kla! Kla! Bunduki zikakokiwa. Na bibi harusi yuko katikati, juu ya punda, shela usoni.

Mzee Gulbaz akashuka na mkongojo, ko, ko, ko. Akaketi palepale palipokuwa jiwe.

"Leo jiwe ni mimi! Mwenye risasi aanze na mimi!"

Bunduki zikainama. Palwasha akapita.

Liwali akaja anahema. "Mzee, kelele zote hizi kwa jiwe? Milima yote hii si mawe?"

"Na mjini kote si watu, mwanangu? Mbona wakatuletea wewe?"

"Basi nitatuma askari walirudishe."

"Askari hawakuliondoa kwa akili yao."

Jirga ikakaa. Liwali akatafuta kiti. Kiti kipo? Akaketi vumbini kama wenziwe, akasikia hukumu.

Nanyi sikieni: ukipewa watu uwatawale, uliza kwanza kabla hujagusa chao. Ngano yangu naitua hapa. Liwali naye akalitua jiwe njiani, baada ya kulipandisha mgongoni mwake mwenyewe kama jirga ilivyohukumu, akachinja kondoo wa kuomba radhi, watatu mlangoni kwa wa Juu na watatu kwa wa Chini. Na kucha zake mbili za miguu zilibaki mlimani.