Chausiku na Matete Meupe

Hapo zamani za kale, wanangu, konokono walipokuwa bado wanaalikana kula, palikuwa na ziwa dogo. Upande mmoja yaliota matete. Upande wa pili, penye kina, palikuwa na mawe matupu.

Mzee Makoba, konokono mkubwa kuliko wote, aliishi kwenye matete na mkewe, Bi Zena, na watoto wao tisa. Maji ya pale yalikuwa vuguvugu, na kila bua lilikuwa na utando wa kijani, chakula kitamu cha konokono. Chausiku, mdogo kama punje ya kunde, aliishi peke yake kwenye jiwe. Kule kulikuwa na baridi, na chakula chenyewe ni kulamba jiwe mpaka ulimi unawaka moto.

Kila asubuhi Chausiku alipanda juu ya jiwe lake kuwatazama jirani zake. Alipoona watoto wa Makoba walivyonona, roho ilimuuma. Hata walipomkaribisha, alikula huku kinyongo kimemkaba.

"Wamefanya nini wao hata wapate vyote?" alijiuliza.

Sasa, kiangazi kikija maji hushuka, na utando uliobaki juu ya mabua hukauka ukawa mweupe. Konokono wakiona weupe huo, hujua wakati wa kuhama umefika.

Mchana mmoja jirani wamelala, Chausiku alibeba udongo mweupe, akapanda bua baada ya bua. Paka, paka, paka. Alipomaliza akaenda kugonga gamba la Makoba.

"Mjomba, amka utazame matete."

Makoba akatoa pembe zake polepole. "Kweli, yamekuwa meupe. Mwaka huu maji yameshuka mapema."

"Hamieni kwenye jiwe langu. Kule kuna kina."

"Na wewe, mwanangu?"

"Mimi mdogo. Tone moja linanitosha."

Bi Zena alimbusu kwa shukrani, wakaondoka na watoto wao, buru, buru, mpaka kwenye jiwe.

Chausiku akala mpaka gamba likambana. Lakini kila siku alisikia watoto wa Makoba wakicheka kule kwenye jiwe, na kicheko kile kilimkera. "Wanafurahia nini kwenye baridi?" Akawa anashinda akitazama kule.

Weupe kwenye matete ulizidi kuongezeka. Akauona, akasema, "Ni udongo wangu ule," akaendelea kuwatazama jirani.

Siku moja jua lilimchoma mgongoni. Maji yalikuwa yameondoka. Alijaribu kutambaa, kwaru, kwaru, tope likamnata.

Makoba alimwona kwa mbali. Akatoka majini, akavuka tope lile akihema, akampandisha mgongoni.

"Usingetuonya, tungekufa wote," alisema njiani. "Bi Zena anakuombea dua kila siku."

Maneno hayo yalimchoma Chausiku kuliko jua.

"Mjomba, nilikudanganya. Siku ile maji hayakuwa yameshuka. Nilipaka udongo mimi. Niliitaka nyumba yenu."

Makoba akasimama. Jua liliwaka juu yao wote wawili, na maji yalikuwa bado mbali. Chausiku akangoja kutupwa.

"Matete yalikuwa mengi," Makoba akasema mwishowe. "Ungesema tu unataka kukaa nasi."

Akaendelea kutambaa.

Walipofika, Chausiku mwenyewe aliwaeleza wenzake yote. Hakuna aliyemfukuza Chausiku. Bi Zena alimwekea chakula kama wengine, ila siku nyingi zilipita kabla hajamtazama usoni.

Basi wanangu, ndivyo wivu ulivyomfanya Chausiku aitazame nyumba ya jirani mpaka asione yake inakauka.