Kinu cha Mizizi Arobaini

Ulikuwapo mji uitwao Qamarani, na mtawala wake alikuwa Sultani Ghalibu bin Mundhiri, mwenye majumba na mashamba na majeshi, na asiye na mtoto hata mmoja. Na desturi ya mji ule ilikuwa mke wa sultani akifunga Ramadhani tatu bila ya kushika mimba, hufungiwa katika mnara na mlango ukajengewa ukuta, na sultani huoa mwingine. Wake watatu walikwisha kuingia mnarani, na wa nne, Bi Raihana, alibakiwa na siku tisa.

Raihana alitii yote. Alikunywa maji ya mizizi arobaini mpaka meno yakaingia weusi, na alilala miguu juu ya mito saba hadi adhuhuri, na mama mkwe wake akamwambia, "Tuliza moyo, mwanangu, mimba haikai penye wasiwasi," kana kwamba mtu aweza kutulia na mnara anauona dirishani. Sultani hakutazamwa na yeyote. Mwanamume, walisema, huzalisha hata akiwa na miaka mia.

Siku hiyo zilipobaki tisa alikiosha kwa mikono yake kinu cha kupondea mizizi, na mara akatoka jini akainama mbele yake.

"Ewe bibi, nimefungwa humu nimtumikie kwa jambo moja tu yule atakayekiosha. Amuru."

"Nipe mtoto."

"Hilo siliwezi. Wewe ni mzima, na wale watatu walikuwa wazima. Bwana wako alipokuwa kijana aliugua matumbwitumbwi, yakamvimbisha mashavu, yakashuka hadi mapumbuni, na tangu hapo mbegu yake haina uhai. Niamuru nikupeleke nchi ya mbali."

Raihana akafikiri, na hapo ndipo alipokosea, maskini, kwani aliamini kwamba kweli ikisemwa hadharani itamwokoa. "Kayaseme hayo barazani," akaamuru.

Jini akayasema mbele ya kadhi na mawaziri, kisha akatoweka. Sultani akauliza kwa upole, "Je, yupo aliyesikia lolote?"

"Hatukusikia neno, Maulana," wakajibu wote.

Alasiri alimwendea Raihana chumbani, akalia miguuni pake. "Nayajua haya tangu ujana wangu. Lakini kiti cha babu zangu hakikaliwi na mtu tasa, basi sharti tasa awe mwingine. Niwie radhi."

"Sikuwii radhi, bwana wangu," akasema Raihana, na hakusema naye tena.

Siku ya tisa ukuta ukajengwa. Na Ijumaa iliyofuata ikafanywa harusi ya siku saba, na aliyeozwa ni binti wa waziri mkuu. Waziri yule alikuwa amesikia kila neno la jini, lakini kama angemkatalia Sultani, angekuwa amekiri kuwa alisikia.

Basi enyi mtafutao mtoto, tabibu na awapime wote wawili, mke na mume, maana Qamarani hawakufanya hivyo, na mnarani sasa wamo wanne.