Kwa Nini Karoti za Wakorea Huliwa Nyikani

Kabla mambo hayajawa kama tunavyoyaona leo, nyika ya Kazakhstan ilikuwa na watu wachache na mifugo mingi. Ungeweza kupanda farasi asubuhi ukasafiri hadi jua kuchwa, na kila uliyekutana naye akawa anajua jina la babu yako. Wakazaki, wenyeji wa huko, walikula nyama, maziwa na mkate. Karoti zililimwa na majirani zao Wauiguri, waliojua kumwagilia bustani, na zikipatikana zilitiwa kwenye pilau, basi.

Kisha mwaka mmoja, baridi ilipokuwa inakaribia, treni zikaanza kuja. Yalikuwa mabehewa ya ng'ombe, lakini yalibeba watu. Serikali iliyotawala wakati ule iliwang'oa Wakorea waliokuwa wakiishi mashariki kabisa, kando ya bahari, ikawashusha nyikani na vifurushi vyao.

Miongoni mwao alikuwemo Pak Sun-ok, mwanamke wa miaka thelathini, pamoja na baba mkwe wake, mzee Choe. Mume wa Sun-ok alikuwa amepelekwa kujenga reli mbali na hapo. Mama mkwe alikufa safarini, akazikwa haraka mahali ambapo treni ilisimama kuchukua maji, na mpaka leo hakuna ajuaye jina la mahali hapo.

Wakachimba shimo, wakaliezeka kwa matete, wakaingia humo. Mzee Choe alilala akiutazama ukuta wa udongo. Sun-ok alimpikia uji wa ngano, akakataa. Alimletea samaki mkavu, wa mwisho waliyekuwa naye, akakataa pia.

"Baba, utakula nini?" aliuliza.

"Kabichi ya mama yenu," mzee alisema.

Alitaka ile kabichi ya kuchachua, yenye chumvi na pilipili, ambayo mkewe aliitengeneza kila mwaka tangu walipooana. Sun-ok alikuwa na pilipili kavu, ameishonea ndani ya koti, na vichwa viwili vya kitunguu saumu. Lakini kabichi hakuna. Alitembea nyumba kwa nyumba akichora duara la kabichi hewani kwa mikono yake, na watu wakafunga milango, maana wakubwa wa kijiji walikuwa wametangaza kwamba wageni hao si wa kuaminiwa.

Kulyash alimwona kupitia dirisha. Alikuwa Mkazaki, mama wa watoto sita, mwenye sauti nene na subira kidogo. Akaanza kujifunga shali.

"Ukienda huko wakubwa watatuandika majina," mumewe alimwonya.

"Baba Serik, wageni wana siku kumi hapa na hakuna aliyewapa hata chai. Wakitaka kuandika, waandike hilo."

Naye hakuelewa lile duara. Alidhani mgeni anataka kitu chochote kitokacho ardhini. Akaenda kwa Muuiguri jirani yake, akafunuliwa shimo la akiba, akarudi na karoti tele kwenye upindo wa nguo yake, ngumu na zenye matope. Alizimwaga mbele ya Sun-ok kama mtu aliyemaliza kazi.

Sun-ok alizitazama karoti zile, akajizuia kulia mbele ya mtu aliyekuja na wema. Kisha akachukua kisu. Alizikata nyembamba, nyembamba zaidi, mpaka zikawa kama nyuzi, kwa sababu kitu kigumu hakiingiwi na ladha mpaka kilegezwe. Akazitia chumvi, akazifinya, akaongeza pilipili na kitunguu saumu. Kulyash alichuchumaa kando yake akiangalia. Halafu akaonja, akatikisa kichwa, akatoka mbio. Aliporudi alikuwa na mafuta ndani ya chupa, siki, na mbegu za giligilani kwenye fundo la leso. Akayachemsha mafuta mpaka yakatoa moshi, akayamimina juu ya zile nyuzi. Shimo zima likajaa harufu.

Mzee Choe akageuka kutoka ukutani.

Alitafuna polepole. Wanawake wawili walimtazama mdomoni.

"Hii siyo," alisema.

Sun-ok akainamisha kichwa. Mzee akala tena, na tena, huku machozi yakimshuka ndevuni, mpaka bakuli likabaki na mafuta tu.

"Siyo kabisa," alisema. "Kesho mtengeneze nyingi."

Akaishi miaka kumi na minne zaidi. Kulyash alijifunza kukata, Sun-ok akajifunza kukanda unga wa tambi pana za Wakazaki. Baadaye wakashushwa Wajerumani, na watu wengine wa mataifa ambayo kijiji hakikuwahi kuyasikia, na kila waliposhushwa kuna aliyewaendea na bakuli.

Na tangu siku hiyo hakuna arusi katika nchi ile, iwe ya Mkazaki, ya Mrusi au ya Muuzbeki, isiyowekwa karoti za Wakorea kando ya nyama ya farasi. Mgeni akifika kutoka Korea yenyewe huonja, akauliza ni chakula cha wapi. Huambiwa ni cha kwao. Hucheka na kusema kwao hakijulikani. Mwenye nyumba habishani naye, humwongezea tu.