Dole la Bi Gwantwa

Nina mzigo! Nikisema hivyo, nyie mseme, "Utue tuupime." Haya, tena. Nina mzigo! Afadhali. Umeme haurudi sasa hivi, mashine ya kukoboa imelala, na mpunga wenu hauendi popote, kwa hiyo mnisikilize. Na wewe unayecheka huko nyuma, nitakuuliza wewe wa kwanza.

Nimechoka, jamani. Mimi ni balozi wa nyumba kumi. Nimeamua kesi za mbuzi waliokula mahindi ya watu, nimeamua za mipaka, nimeamua hata za wanaume waliofungiwa nje na wake zao. Hii moja imenishinda. Kila nikipita njiani watu wananiuliza, "Mama balozi, vipi ile kesi ya dole?" Dole! Watu wazima na akili zetu tunagombania dole gumba.

Wanaodai ni watatu, na kila mmoja ana kipaji chake. Kuna Sekela, muuza vitenge sokoni. Macho ya yule binti si ya kawaida. Mpelekee kitenge kilichofuliwa mpaka kimechoka, atakwambia kilikuwa na rangi gani siku kilipotoka dukani.

Kuna Anyosisye, mchoma mkaa. Yeye anajua joto. Anasogeza shavu karibu na tanuri, anajua kama ndani magogo yanaiva au yanaungua, na atakaa hapo kutwa nzima bila kulalamika.

Halafu kuna Ndimbumi, mkulima wa mpunga bondeni. Kipaji cha Ndimbumi ni moyo wake. Anaingia kwenye tope ambalo wanaume wanalizunguka, anatoka na nyoka kamshika mkia, anauliza chai iko wapi.

Katikati yao yupo Bi Gwantwa, mfinyanzi, mjane, hakujaliwa mtoto. Ana shimo lake la udongo kando ya ziwa, dogo tu, lakini chungu cha udongo ule hakipasuki motoni. Na Bi Gwantwa ana sharti lake: shimo lile ni la mfinyanzi mmoja, na yeye atafundisha mtu mmoja. Si roho mbaya. Mama yake aliwafundisha wawili, yeye na dada yake, wakaligombania lile shimo mpaka dada mtu anaingia kaburini hawasemeshani. Tangu hapo Bi Gwantwa akasema mmoja tu, basi.

Siku hiyo alikuwa anakata matete ya kuchomea vyungu. Mundu ukateleza, ukapita kwenye dole gumba la mkono wa kulia, likabaki linaning'inia kwa kipande cha ngozi. Sasa niambieni, mfinyanzi bila dole gumba ni nani? Dole ndilo linalosukuma udongo, dole ndilo linalokunja mdomo wa chungu. Tulimkimbiza hospitali. Kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji, akalia mbele yetu wote: "Atakayeniokolea dole hili, ndiye nitakayemfundisha, yeye au mtu wa nyumbani kwake. Dole hili likipona, udongo wa kwanza litaugusa likiwa juu ya mkono wa huyo mwanafunzi wangu, namfundisha. Kabla ya hapo sishiki udongo!" Nilikuwepo. Ningejua, ningemziba mdomo.

Daktari wetu, kijana mmoja anaitwa Mwaipaja, alishona mpaka jasho likamlowesha. Alipotoka akatuambia, "Mshipa wa kuleta damu nimeuunga. Ila msishangilie bado. Kwenye mishipa mikubwa damu inapita tu. Kazi yenyewe inafanyika kwenye vijishipa, vyembamba kuliko unywele. Ukuta wake ni laini mno, na hapo ndipo hewa na chakula vinapenya kuingia kwenye nyama, na uchafu wa nyama unapenya kurudi kwenye damu. Vijishipa visipopata damu, dole litakufa, hata ningeshona vizuri namna gani."

Nikamwuliza kama na yeye anadai kufundishwa ufinyanzi. Akasema ana mshahara wake, tumwache akalale. Mtu pekee mwenye akili katika habari hii yote.

Sikieni basi alichofanya Sekela. Wodi ilikuwa imejaa, wauguzi wanahesabika. Daktari akamwonyesha: bonyeza ukucha, rangi ipotee, achia, rangi irudi, isichelewe wala isiwahi sana. Sekela akafunga kibanda cha vitenge, akakaa kitandani kwa Bi Gwantwa anabonyeza na kuachia. Asubuhi moja akapiga ukelele. "Mama mkubwa, dole limepauka!" Anamwita mama mkubwa, maana mama yake Sekela alikuwa mdogo wake Bi Gwantwa, wa mwisho kuzaliwa kwao. Sisi tukatazama, hatukuona kitu. Nikamwambia, "Binti, acha kututia presha." Akanijia juu: "Mama balozi, jana lilikuwa na rangi ya tofali, leo ni majivu. Mwiteni daktari!"

Daktari akafungua. Alichokikuta, Mungu wangu! Kitambaa kimeloweshwa maji baridi, kimezungushwa juu ya bandeji. Na aliyekiweka ni Bi Gwantwa mwenyewe! "Mkono wa chungu ukishaubandika," akatuambia bila hata aibu, "unaufunika kitambaa kibichi, unauweka kivulini. Ukiupa joto unabanduka. Nyie mnanirundikia mablanketi, mnataka dole langu lidondoke?" Amejifanya chungu, mwanamke yule! Daktari alishika kichwa. "Mama, kwenye njia za kuingilia vijishipa kuna misuli midogo, imezunguka kama pete. Ikipata baridi inabana, damu haipiti. Ikipata joto inalegea, damu inapita. Na moshi wa sigara nao unaibana. Ninataka joto hapa, la kutosha, lisipungue wala lisizidi."

Ndipo akaingia Anyosisye. Ni mdogo wa marehemu mumewe, kwa hiyo shemeji yake, na mvutaji wa sigara tangu nimfahamu. Alizitoa mfukoni, akazitupa chooni, akaenda kuoga, akabadilisha shati. Akawa anachemsha maji kule jikoni kwa wanaouguza ndugu zao, anayatia kwenye chupa, anazifunga khanga, anazipanga kuzunguka ule mkono. Kila chupa anaiweka kwanza shavuni. Dole lile lilikuwa limekufa ganzi, lingeungua lisijue. Chupa ikipoa kidogo tu, anaamka, anabadilisha. Bi Gwantwa akimwambia, "Shemeji, nenda kapumzike," anajibu, "Tanuri haliachwi, shemeji." Macho yakamvimba, akawa anatafuna kijiti kwa hamu ya sigara. Hakuondoka. Taratibu ukucha ukaanza kupata rangi, tukamshukuru Mungu.

Tuliwahi kushukuru. Sekela akabonyeza, akaachia, akabonyeza tena. "Sasa rangi inarudi haraka mno. Na si nyekundu, ni ya biringanya." Kweli, dole lilikuwa limevimba, linang'aa. Daktari akaja mbio. "Sasa damu inaingia, ila haitoki. Mshipa wa kuirudisha niliopata kuuunga ni mmoja, mdogo, umezidiwa. Damu ikijaa hivi, uvimbe unavibana vijishipa, hakuna kinachopenya, hakiingii chakula wala hautoki uchafu. Inabidi tuitoe kidogo kidogo mpaka mwili uoteshe njia mpya." Nikamwuliza, itolewe na nani? Akasema, "Ruba."

Ruba! Yule wa mashambani, anayekung'ang'ania mguuni akunyonye damu. Mimi nilitafuta kiti. Anyosisye, mwanaume mzima, akatazama dirishani. Ndimbumi, jirani yake Bi Gwantwa, alikuwa amekuja na uji tu kumwona mgonjwa. Akaweka bakuli chini, akauliza, "Wangapi, daktari?"

Akateremka bondeni, akapandisha gauni, akasimama kwenye maji ya mpunga bila kujitikisa, maana ruba anafuata damu, na chambo kilikuwa miguu yake mwenyewe. Wakimshika anawabandua, anawatia kwenye kopo, anaondoka. Daktari aliwaweka mmoja mmoja kwenye dole, akampa Bi Gwantwa dawa za kuzuia vijidudu. Na msiende kujaribu nyumbani kwenu, nawajua nyie! Wale ruba wakishiba wanadondoka, wanatakiwa wengine, Ndimbumi anarudi kusimama. Miguu ikamjaa vidonda, ikavimba, akawa anatembea anachechemea. Akaendelea mpaka siku daktari alipobonyeza ukucha, akaachia, akacheka kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu. Njia mpya zilikuwa zimeota. Dole limepona.

Hapo mngedhani tumemaliza. Ndiyo kwanza ikaanza!

Walikuja kwangu wote watatu siku moja. Sekela akaanza. "Mama balozi, bila macho yangu, mngejua saa ngapi? Mlikuwa mmekaa mnalitazama dole linakufa, mnaniambia niache kuwatia presha." Hilo kweli, lilinichoma.

"Macho hayakulipasha joto," akasema Anyosisye. "Daktari mwenyewe alisema damu haipiti. Isingeingia, hao ruba wangenyonya nini, bandeji?"

Ndimbumi akanyoosha miguu yake mbele yangu, makovu yamejaa. "Damu mlijua kuiingiza, kuitoa mlijua? Mngeliacha lioze likiwa na joto lake zuri."

Na kila mmoja ana shida ya kweli, hapo ndipo ninapokwama. Sekela anauza vitenge vya mtu mwingine, na mama yake aliomba kufundishwa udongo ule akakataliwa, eti shimo ni la mfinyanzi mmoja. Binti yake Anyosisye, Tumpe, amemaliza shule yuko nyumbani, hana mbele hana nyuma. Ndimbumi, wakati anasimama kwenye mashamba ya watu kutafuta ruba, mto ulikuwa umeshalizoa shamba lake.

Nikamwendea Bi Gwantwa. "Dada, wafundishe wote watatu tupumzike." Akanitazama mpaka nikajuta. "Mimi nilimzika dada yangu bila kumwomba radhi, Mama balozi. Unataka na hawa niwafanye hivyo?" Nikamwambia basi amtaje mmoja. Akasema hawezi, kila akimtaja mmoja moyoni anaona amewaibia wawili, na balozi ni mimi. Nikapendekeza kura. Wote wanne wakanizomea. Eti dole halikuokolewa kwa bahati, shimo litatolewaje kwa bahati? Basi kaeni, nikawaambia, nikaondoka.

Wamekaa kweli. Masika yanakaribia, shimo litajaa maji. Bi Gwantwa hagusi udongo, ameshika ahadi yake, na mkono wa kulia anautunza kifuani kama yai, usije ukagusa udongo kabla ya siku yake. Majuzi nimempeleka kwa daktari. Daktari akalikunja lile dole, likaishia nusu. Uso ukambadilika. "Mama, halifanyi kazi hili?"

"Bado kesi haijaisha, daktari," akajibu Bi Gwantwa.

"Kesi gani?" Tukamweleza. Nilidhani atacheka, akakasirika. "Nyama inayofanya kazi ndiyo inayodai damu. Ikidai, zile pete zinalegea, vijishipa vinafunguka, chakula kinaingia. Hii mmeilaza, haidai kitu, na maungio yanakakamaa. Sikushona ili liwekwe kama picha ukutani. Likiendelea hivi litabaki gogo, na safari hii msinitafute."

Jana nilikwenda kuwaambia. Niliwakuta wote watatu kwa Bi Gwantwa, kila mmoja amekuja kumwangalia, yaani kuwachunga wenzake. Alikuwa anajaribu kushika kikombe cha chai kwa mkono ule wa kulia, na dole halikukunjika. Kikombe kikaanza kuponyoka. Mikono mitatu ikaruka kwa pamoja kukidaka, ikagongana, chai yote ikammwagikia mapajani. Mnajua walifanya nini? Walianza kubishana nani amekimwaga! Yule mama akakaa na gauni limelowa, analitazama dole lake, analia bila sauti, na hakuna hata mmoja aliyemletea kitambaa. Nilimletea mimi, nikawafukuza wote.

Kesho asubuhi nimewaita kwangu, na nimeapa sitainuka pale kitini bila kutaja jina. Sekela aliyeona, Anyosisye aliyeiingiza damu, Ndimbumi aliyeitoa. Mtoe mmoja yeyote, dole lingekuwa limezikwa zamani. Msiniambie wote watatu, hilo nilishalisema, mmesikia nilivyojibiwa. Na msiniambie avunje ahadi, kamwambieni wenyewe.

Haya, wewe uliyekuwa unacheka, simama. Shimo ni moja, mwanafunzi ni mmoja, na dole linakauka hivi tunavyoongea. Ungekuwa ndiwe umekaa kwenye kiti changu kesho, ungemtaja nani? Na wale wawili, ungewatazama usoni ukawaambia nini?