Kanzu Nyeupe ya Mwenyekiti

Palikuwa na mwenyekiti wa kamati ya maji, Bwana Muhidini, ambaye maji ya bomba hakuyagusa hata kwa ncha ya kidole. Mabomba ya mji yalitandazwa enzi za babu yake, yakaoza kwa kutu, na sasa yalitema maji mekundu kama chai ya rangi. Fedha za kuyabadilisha alizijengea geti la ofisi.

“Maji ni safi,” aliwaambia watu. “Macho yenu ndiyo machafu.”

Idd ilipokaribia, alimpelekea Shekue, dobi pekee wa mji, kanzu yake pamoja na madumu mawili ya maji ya kisima cha uani kwake.

“Ifue kwa haya. Nikiona doa, nakifunga kibanda chako.”

“Hutaliona, mheshimiwa. Idd hii kanzu yako itang’aa kuliko zote.”

Muhidini aliondoka amevimba kichwa.

Asubuhi ya Idd kanzu ilikuja nyeupe pe. Aliivaa, akaenda uwanjani, akapenya mpaka safu ya mbele. Minong’ono ikamfuata. Alipogeuka, aliona kanzu mia mbili, zote rangi ya kutu. Nyeupe ilikuwa yake peke yake.

“Shekue!” alifoka. “Umewafanya nini watu?”

“Hao hawana kisima, mheshimiwa. Nimewafulia kwa maji yako ya bomba, yale safi.”

“Na yako, mwenyekiti,” imamu akauliza taratibu, “imefuliwa kwa maji ya wapi?”

Kabla pilau haijaiva, foleni ya ndoo ilikuwa imefika uani kwa Muhidini, na haikuondoka mpaka mabomba mapya yalipofukiwa.